Kelele za ekzosi zipimwe kwa namba, si kwa sikio la askari

Mizani ya barabarani kila mfanyabiashara anaijua. Lori linapanda juu ya bamba, namba inajitokeza, na kama ekseli imezidi, imezidi. Dereva anaweza kulalamika, anaweza kumpigia simu tajiri wake, lakini namba haibishani naye. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari inasema kikomo ni tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na kikomo hicho anakijua dereva wa Mombasa kama anavyokijua wa Kigali.

Sasa njoo West Nile, kwenye kilomita 92 za lami zinazotoka mpaka wa Vurra, zikapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba. Huku kuna kosa jingine linalosimamisha magari ya mizigo, nalo halina mizani. Ni kelele ya ekzosi. Askari anasikia gari linakuja, ananyoosha mkono, anasema, "Hii gari yako ina kelele." Kiasi gani? Imezidi nini? Hapo hakuna bamba wala kioo cha namba. Kuna sikio lake tu. Mwenye mzigo wa nyanya hana muda wa kujadili sikio la mtu, kwa sababu nyanya hazingoji. Sote tunajua mazungumzo ya namna hiyo huishia wapi.

Hoja yangu ni kwamba kelele hiyo inaweza kupunguzwa hapa hapa Arua, kwa vifaa vilivyopo na kwa mafundi waliopo, bila gharama ya kumfilisi mtu. Kinachokosekana ni kipimo kimoja kinachoandikwa kwa namba na kuheshimiwa pande zote za mpaka. Bila kipimo hicho, fundi hajui amefaulu lini, mwenye gari hajui amalize lini kulipa, na mkaguzi hajui anakataza nini.

Wanaobanwa zaidi ni wenye magari ya kuunga. Msomaji wa Arua hahitaji kuelezwa, lakini wa Bujumbura au Dodoma huenda akahitaji. Gari la kuunga ni fremu ya gari lililopata ajali, injini kutoka gari jingine, kebini ya tatu, na bodi ya mbao na vyuma iliyochomelewa uani. Wengine hurefusha fremu ili lipakie zaidi. Wengine hukata gari la abiria likawa pikapu. Tangu Uganda ilipopiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, mtu mwenye mtaji mdogo anaona heri kufufua lililoko kuliko kuota lililoko Japani. Simlaumu. Gari la namna hii ndilo linalofikisha samaki wakavu wa Panyimur hadi kwa mnunuzi wa Ariwara, na unga na mafuta ya kupikia hadi Kaya.

Mama mmoja anayepeleka maharage Koboko alinisimulia alivyokuwa akimfuatilia fundi wake mjini Arua. Kila alipouliza kuhusu ekzosi, jibu lilikuwa moja: "Mama, ekzosi ni ya mwisho. Kwanza gari litembee." Na kweli ikawa ya mwisho. Fedha zilikuwa zimeishia kwenye giaboksi na matairi. Ekzosi ikawa kipande cha bomba la maji kilichokunjwa chini ya bodi, na kopo dogo katikati ili ionekane kuna sailensa. Gari lilitembea, na lilisikika kabla halijaonekana.

Jibu la fundi yule ndilo linaloharibu kazi. Ekzosi huachwa mwisho kana kwamba ni pambo, wakati ni sehemu ya injini kama ilivyo rejeta.

Tuanze na mahali kelele inapotoka. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi yenye joto na shinikizo huchomoka kwa mshindo. Kila silinda ikiwaka ni pigo moja. Injini ya dizeli ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kila sekunde, na hayo mapigo ndiyo mngurumo mzito unaotetemesha mabati ya duka gari linapopita. Juu yake kuna sauti nyembamba kali, ya gesi inayokimbia ndani ya bomba na kutokea kwenye nyufa. Hizi ni kelele mbili tofauti na zina dawa mbili tofauti. Anayezitibu kwa dawa moja ataondoa nusu ya ugonjwa.

Dawa ya mngurumo ni vyumba. Gesi inaingia kwenye chumba, inapita bomba fupi, inaingia chumba cha pili. Kila inapopanuka ghafla, sehemu ya wimbi la sauti hurudishwa nyuma na kupambana na wimbi linalokuja. Dawa ya sauti kali ni bomba lenye matundu lililozungukwa na pamba isiyoungua. Sauti inapenya matundu, inaingia kwenye pamba, inaishia humo ikiwa joto. Gari la mizigo la dizeli linahitaji zaidi vyumba, na likipata vyote viwili kwa mfuatano ni bora. Mafundi wengi hutengeneza bomba la matundu peke yake kwa kuwa ni rahisi kuchomelea, kisha mteja anarudi kulalamika kwamba gari bado linanguruma.

Ukubwa ni jambo la pili, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kopo la lita mbili haliwezi kutuliza injini ya lita 2.5, hata likichomelewa na malaika. Sailensa ya kufaa huwa na ujazo mara kadhaa wa ujazo wa injini. Mara tano hadi mara kumi ni makadirio mazuri. Kwa injini hiyo ya lita 2.5, basi, usifikirie kopo la rangi. Fikiria dumu la lita 20. Arua ni mji unaolijua dumu hilo vizuri kuliko miji mingi, kwani wale vijana wa OPEC walijenga maisha yao juu yake wakiuza mafuta ya kutoka ng'ambo pembeni mwa barabara. Ukisema "ukubwa wa dumu", hakuna fundi atakayeuliza maana yake. Nafasi chini ya bodi ya lori dogo ipo. Inahitaji kupangwa kabla sakafu ya bodi haijachomelewa, si baada.

Pamba nayo ina siri zake. Stiliwulu ya kusugulia sufuria inaungua na kuota kutu, na baada ya safari chache imetoka na moshi. Godoro na gunia sitaki hata kuvitaja, ingawa nimeviona. Kamba nyeupe za asbesto zinazochomolewa kwenye mitambo ya zamani zinastahimili moto kweli, lakini vumbi lake linaua mapafu ya fundi polepole, kwa saratani inayokuja miaka mingi baadaye. Kinachofaa ni pamba ya kioo au pamba ya mawe, ile inayozungushwa kwenye matanuri na mabomba ya mvuke viwandani. Isukumwe iwe imara lakini isikandamizwe ikawa tofali, kwa sababu sauti hufia kwenye nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kubana bomba kunapunguza kelele. Kunapunguza kidogo, na kunakaba injini. Gesi isipotoka vizuri, hewa safi haiingii vizuri, dizeli haiungui yote, moshi unakuwa mweusi na gari linakunywa mafuta mlimani. Kosa la kinyume chake ni ile imani ya vijana wa pikipiki kwamba bomba wazi linaongeza nguvu. Kwa gari linalobeba tani tatu za maharage kwa mwendo wa kawaida, sailensa yenye upana sahihi hainyang'anyi nguvu ambayo dereva ataisikia. Anachosikia kwenye bomba wazi ni kelele, akaiita nguvu.

Kisha kuna uvujaji, ambao kwangu ndio jambo zito kuliko yote. Injini hutikisika kwenye misingi yake na fremu hujipinda kwenye mashimo. Kama bomba limechomelewa moja kwa moja kutoka injini hadi fremu bila kiungo kinachonyumbulika, lazima kitu kipasuke, na mara nyingi hupasuka karibu na manifoldi, chini ya miguu ya dereva. Ufa huo unapiga kelele kali, lakini pia unatoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, lakini hutoa, na gari la kuunga mara nyingi lina sakafu ya kebini yenye matundu ya nyaya na pedali za gari jingine. Utingo anayelala ndani ya kebini injini ikiwa inaunguruma kwenye foleni ya forodha anaweza asiamke. Kwa hiyo askari anayesikia ufa huo anasikia kitu cha kweli, hata kama hajui anachokisikia.

Tiba yake haihitaji chuo. Weka kipande cha bomba la kunyumbulika baada ya manifoldi. Badilisha gasketi, usiipake sabuni na majivu. Ning'iniza bomba kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi badala ya kulichomelea kwenye fremu, kwa sababu bomba likigusana na fremu, fremu nzima inakuwa ngoma. Kutafuta mahali panapovuja, washa injini ikiwa baridi, ziba mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na sikiliza mlio wa nyoka. Masizi meusi kwenye maungio pia husema ukweli.

Na mwisho wa bomba uelekee wapi? Swali hili huko Jinja si kitu, lakini kwetu lina uzito. Uganda tunaendesha kushoto. Ukivuka Vurra kuingia Kongo, au Oraba kuingia Sudan Kusini, unahamia kulia. Fundi wa Arua anayetoa bomba ubavuni huligeuza upande wa kulia, ili moshi na kelele viende katikati ya barabara, mbali na watembea kwa miguu. Gari hilo hilo likifika Aru, kulia ndiko kwenye watoto wa shule na meza za wauzaji, na kelele inagonga kuta na kurudi. Gari la mpakani litolewe bomba nyuma kabisa, kupita mwisho wa bodi, likielekea nyuma. Ni mita moja au mbili za bomba zaidi, na linafaa nchi zote tatu.

Tuseme sasa fundi amefanya yote haya. Mkaguzi anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema bado. Je, amemwonea? Hapa sayansi ya sauti inamtetea fundi kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Desibeli hazihesabiwi kama kilo. Ukiondoa nusu nzima ya nishati ya sauti, kipimo kinashuka desibeli 3 tu, na sikio halioni tofauti kubwa. Ili mtu aseme kelele imepungua nusu, kipimo lazima kishuke kama desibeli 10, yaani ibaki sehemu moja kati ya kumi ya nishati ya mwanzo. Fundi anaweza kuwa amefanya kazi ya siku nzima, akaondoa robo tatu ya nishati, na askari akaapa kwamba hakuna kilichobadilika. Sikio ni kiungo kizuri cha kugundua kelele. Kupima kiasi chake haliwezi, na likiwa limeshinda barabarani tangu asubuhi ndiyo kabisa.

Wenzetu walilimaliza jambo hili zamani. Uingereza kuna watu wengi wanaounda magari katika gereji za nyumbani, na gari la namna hiyo haliruhusiwi barabarani mpaka lipite ukaguzi wake lenyewe, moja moja. Kelele ni sehemu ya ukaguzi huo na ina namba: desibeli 99, kipimo kikiwa nusu mita kutoka mwisho wa bomba. Desibeli 99 si kimya, lakini kipaza sauti kiko karibu mno na bomba, na muundaji anajua namba yake tangu siku anayonunua spana ya kwanza. Anaweza kupima nyumbani, akarekebisha, akapima tena, kisha ndipo aende kwa mkaguzi.

Njia ya kupima nayo haihitaji jengo wala mtambo wa kuagizwa. Kiwango cha kimataifa ISO 5130 kinaeleza: gari lisimame mahali wazi pasipo ukuta karibu, kipaza sauti kiwekwe nusu mita kutoka mdomo wa bomba, pembeni kwa nyuzi 45, kwa kimo cha bomba lenyewe, lakini si chini ya sentimita 20 kutoka ardhini. Injini ipandishwe hadi robo tatu ya mzunguko unaotoa nguvu yake ya juu, kisha iachiliwe. Kama nguvu ya juu ya injini yako inapatikana kwenye mizunguko 4,000, unapima kwenye 3,000. Unapima mara tatu, na vipimo visipishane zaidi ya desibeli 2. Kelele ya mazingira iwe chini angalau kwa desibeli 10. Kifaa chenyewe kinashikika mkononi. Uwanja wa kupimia upo Koboko, upo Arua, upo popote penye nafasi ya lori kugeuka.

Uganda haikosi sheria. Kanuni za Viwango na Udhibiti wa Kelele chini ya sheria ya mazingira zimekuwepo tangu mwaka 2003, na Kenya imekuwa na zake tangu 2009. Tatizo ni umbali kati ya kanuni na barabara. Mwaka 2015 serikali iliikabidhi kampuni ya SGS kazi ya kukagua magari kwa mashine, na mwaka 2017 Bunge likasimamisha ukaguzi huo wa lazima baada ya malalamiko mengi. Watu walikuwa na haki ya kuuliza kuhusu ada na mkataba. Lakini mkataba ulipotiliwa shaka, wazo la kupima kwa mashine nalo likatiliwa shaka, na hilo halikuwa na kosa lolote. Tukarudi kwenye macho na masikio.

Tena hili si suala la Uganda peke yake. Sudan Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016, na Kongo ikaingia 2022. Vurra na Oraba zilikuwa ncha za Jumuiya. Leo ziko ndani yake, na pale Salia Musala, Koboko, nchi tatu zinazokutana zote ni wanachama. Mfanyabiashara wa Koboko anaweza kunywa chai Uganda, kuuza sabuni Kongo na kudai deni Sudan Kusini katika siku moja. Gari lake, hata hivyo, linaonwa kuwa jipya kila linapofika kizuizi kingine. Kufaulu Arua hakumsaidii Aru. Upande mmoja karatasi ni ya Kiingereza, upande mwingine ni ya Kifaransa, na askari wa kila upande anaanza upya kusikiliza.

Mifano ya kutoka katika hali hiyo tunayo. Kadi ya Njano ya COMESA inafanya bima ya gari ya Uganda itambuliwe Kongo, bila mtu kukata bima mpya kila anapovuka. Mizani nilishaitaja. Kama nchi zetu zilikubaliana juu ya uzito na juu ya bima, haziwezi kushindwa kukubaliana juu ya desibeli. Ninachopendekeza ni ukurasa mmoja: kikomo kwa kila aina ya gari, namna ya kupima, na kibandiko cha kioo cha mbele chenye namba iliyopatikana, tarehe, na jina la kituo, kikitambuliwa pande zote kwa mwaka mmoja. Kiandikwe kwa Kiswahili pia. Jumuiya imekwisha kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali mwezi Julai 2022 kiwe lugha rasmi ya nchi. Ikiwa kuna mahali lugha hii inatakiwa kufanya kazi badala ya kusherehekewa, ni kwenye karatasi ambayo dereva wa Koboko anamwonyesha askari wa Aru.

Najua nitajibiwa nini. Wapo watakaosema breki na taa ni muhimu kuliko kelele, nami nakubali bila kusita. Gari la kuunga lisilo na breki liwekwe chini hata kama ni kimya kama paka. Lakini breki mbovu haisikiki kutoka mita mia mbili. Kelele inasikika. Ndiyo sababu ya kwanza ya kusimamishwa, na gari likishasimama ndipo maswali mengine huanza. Mwenye kibandiko chenye namba amemwondolea askari kisingizio cha kwanza, na askari mwaminifu, ambao wapo, amepata kitu cha kusimamia anapomzuia mkaidi.

Wengine watasema West Nile ina matatizo makubwa kuliko ekzosi: usalama wa barabara ya Yei, kodi, mafuta. Ni kweli. Ila mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Rufaa ya Arua, anayeshtuka usiku lori la bomba wazi linapopita, hatakubali kwamba jambo hili ni dogo. Wala dereva mwenyewe, anayekaa ndani ya mngurumo huo saa nane kwa siku. Sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuanza kuharibu usikivu. Madereva wa zamani wa njia hii wanaozungumza kwa kupiga kelele hata mezani hawakuzaliwa hivyo.

Wala wenye magari hatuwezi kuwaacha waende zao. Upo mchezo wa kuazima sailensa siku ya ukaguzi na kuirudisha jioni. Upo wa kujaza matambara mapya ndani ya kopo bovu, likakaa kimya kwa siku mbili. Michezo hii ndiyo inayompa askari sababu ya kutoamini karatasi yoyote. Kibandiko chenye namba kitaipunguza, kwa sababu gari lililopimwa 94 Arua na kusomwa 108 Koboko litakuwa limejishtaki lenyewe.

Serikali tatu zikisubiriwa zote, tutangoja sana. Kuna jambo ambalo vyama vya wafanyabiashara na vya madereva wa Arua na Koboko vinaweza kufanya bila ruhusa ya mtu. Wachangishane wanunue kipima sauti kimoja chenye cheti, wakiweke kwenye gereji wanayoiaminia, na waandike kwenye daftari namba ya kila gari kabla na baada ya kutengenezwa. Daftari la miezi sita lenye namba halisi ni hoja nzito kuliko barua yoyote ya malalamiko mbele ya kamati ya mpakani. Na kabla hata ya kipima sauti, programu ya simu inatosha kulinganisha. Namba yake haitakuwa sahihi kisheria, lakini simu ile ile, mahali pale pale, nusu mita kutoka kwenye bomba, itakuonyesha kama kelele imeshuka au fundi amekuimbia.

Kwa anayekwenda gereji wiki hii, patana na fundi juu ya ekzosi siku ya kwanza, kabla ya bodi. Muulize ataweka vyumba vingapi, ujazo wa lita ngapi, pamba gani, na kiungo cha kunyumbulika kitakaa wapi. Lala chini ya gari uone kwa macho yako bomba linapitaje. Pima kwa simu kabla hajaanza. Bakiza sehemu ya malipo, mpe gari safari ya kwenda Koboko na kurudi likiwa na mzigo, kisha pima tena injini ikiwa ya moto, kwenye mizunguko ile ile. Ikiwa imeshuka desibeli 10 au zaidi, mlipe yote, na umtajie jina lake kwa mwenzako.